Jicho Ambalo Halikuugua

Kazi yangu ni kupiga picha za ndani ya jicho, na hapo ndipo ilipaswa kuishia. Kliniki yetu iko katika mtaa wa Panda, karibu na nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi, na mashine inakaa katika chumba kidogo chenye pazia zito. Mgonjwa anaweka kidevu mahali pake, anaegemeza paji la uso, anatazama kitaa, taa ndogo ya kijani iliyo ndani ya mashine, mimi nabonyeza. Haiumi wala haigusi. Baada ya muda mfupi karatasi inatoka na picha ya mshipa unaobeba mwanga kutoka nyuma ya jicho hadi kwenye ubongo, na pembeni yake rangi tatu: kijani, manjano na nyekundu. Kijani maana yake jicho hili linafanana na macho mengi yaliyomo katika kumbukumbu ya mashine. Nyekundu maana yake halifanani nayo. Ni hilo tu, haisemi kwamba mtu anaumwa. Niliambiwa hivyo mara tatu au nne katika mafunzo yangu ya majuma mawili kule Lubumbashi, nikaandika katika daftari, nikapigia mstari.

Amri ya kliniki ilikuwa fupi: mpiga picha anapiga, daktari anasema. Daktari wetu ni mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, anayetoka Lubumbashi mara mbili kwa mwezi. Siku nyingine zote karatasi zinamngoja ndani ya faili. Lakini mtu aliyetoka kupigwa picha ya jicho hana moyo wa kungoja faili. Anamwona kijana mwenye koti jeupe, anamwita dokta, anamuuliza. Na mimi, Mungu anisamehe, sikuwahi kumsahihisha hata mmoja. Mwanzoni nilikuwa nacheka kidogo wanaponiita hivyo. Baadaye nikaacha kucheka, nikawa naitika.

Aliyenilea ni shangazi yangu, dada ya baba. Kwetu tunamwita tantine. Ni mshonaji, na siku ya Jumapili ukikaa nyuma katika kanisa letu, nusu ya migongo unayoiona imeshonwa na yeye. Alikuja kliniki mashine ikiwa na majuma matatu tu. Hakuwa na ugonjwa wowote. Tangu ujana alivaa miwani mizito ya kuona mbali, na sasa ilikuwa imekwaruzika, akataka nyingine. Angepimwa miwani akaenda zake. Mimi ndiye niliyemvuta nyuma ya pazia. Nilitaka aone mtoto aliyemlisha bukari, ugali wetu, kwa mkono wake sasa anaendesha mashine gani. Umeme ulikuwa mzuri siku hiyo, haukushuka hata mara moja, na picha ikatoka safi.

Ikatoka nyekundu. Nyekundu juu, nyekundu chini, macho yote mawili, na katikati ya mshipa lile shimo ambalo madaktari wanaliita kikombe lilikuwa pana kuliko nilivyowahi kuona.

Nilipaswa kuiweka karatasi ndani ya faili. Lakini yeye alikuwa amekwisha kuinama juu yake.

“Mutoto yangu, usinifiche. Ile nyekundu njo nini?”

“Tungojee docteur, tantine.”

“Docteur gani tena? Minye nilikulea nipate dokta yangu. Sema.”

Ulimi hauna mfupa. Ningeweza kusema sijui, na lingekuwa neno la kweli kuliko yote niliyosema mwaka ule. Lakini kusema sijui mbele ya mwanamke aliyejivunia mimi soko zima, kweli, kulinishinda.

“Ni glaucome,” nikasema. “Mushipa ya jicho iko nakufa pole pole.”

“Kama ya Papa Shemasi?”

“Kama yake.”

Papa Shemasi ni mzee wa kanisa letu. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kwa kazi ya shaba, naye mwenyewe alistaafu akiwa fundi wa mitambo. Jicho lake la kulia lilikuwa limekufa kabla hajafika kliniki kwetu. La kushoto lilibakiwa na tundu dogo la kuonea, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na tundu hilo tulikuwa tukililinda kwa matone ya dawa kila jioni. Mimi ndiye niliyemfundisha kuyatia: vuta kope la chini, tone moja, fumba, bonyeza kidogo pembeni ya pua. Tantine alikuwa akikaa karibu naye kanisani na kumfunulia kitabu cha nyimbo kwenye ukurasa wake. Kwa hiyo alijua vizuri nilichokuwa nikimtajia. Nilimtolea nakala ya karatasi, akaikunja mara mbili, akaiweka ndani ya Biblia yake, akaniambia asante. Asante!

Zilibaki siku kumi daktari afike. Siku ya nne nilipita nyumbani kwa tantine, nikakuta mlango wazi na yeye anatembea chumbani macho yamefumbwa, mkono wa kushoto ukutani, miguu ikiburuta. Alikuwa anahesabu. Alifika kwenye mbabula, akainama, akapapasa mfuko wa makaa, akayapanga ndani ya lile jiko, kaa moja baada ya jingine, bila kuangusha. Ndipo akanisikia.

“Niko najizoeza mbele giza ifike,” akasema, tena kwa uchangamfu, kama mtu anayejifunza mshono mpya. “Toka kitanda mpaka mulango, hatua nane. Toka mulango mpaka mbabula, tano. Ya choo njo inanisumbua, kuko ile jiwe.”

Cherehani yake ilikuwa imefunikwa kitambaa. Nikauliza. Akasema amewarudishia watu vitambaa vyao, maana si vizuri kushika nguo ya mtu ukiwa na jicho linalokufa, utamharibia. Alikuwa anafunga na kuomba siku saba, na kanisa zima linafunga pamoja naye. Nilikaa pale nikala karanga zake na sikuona ubaya wa kazi yangu. Nilimhurumia, hata nikajisifu moyoni kwamba tumeugundua ugonjwa mapema. Nikikumbuka karanga zile, uso unanichoma mpaka leo.

Daktari alipofika alimkalisha tantine karibu saa nzima. Alimpima presha ya macho, akaikuta nzuri. Alimweka kwenye kile chombo cha kubonyeza kila unapoona nukta ya mwanga, na tantine akaziona nukta zote, mpaka za pembeni kabisa. Alimmulika kwa taa, akatazama kwa lenzi yake bila haraka. Halafu akaichukua karatasi yangu nyekundu, akaitazama muda mrefu kuliko yote.

“Nani alikuambia uko na glaucome, mama?”

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikishika faili. 

“Hakuna muntu,” tantine akasema. “Minye mwenyewe nilionaka nyekundu, nikaogopa.”

Hakunitazama hata kidogo. Alisema vile mwanamke anavyowaambia wageni kwamba watoto wake wameshiba, hali hawajala. Na mimi nikaacha uongo wake unikae kichwani kama kofia.

Daktari akamwambia kwamba haoni glakoma. Macho yake yalizaliwa vile. Dawa hakuna, arudi baada ya miezi sita wapige picha nyingine walinganishe, na aende akashone. Tantine alipotoka, daktari aliniita mezani. Hakunikaripia. Pengine angenikaripia ningeamka.

Aliniambia nichukue sahani mbili, moja ndogo na moja kubwa, na kiasi kimoja cha bukari. Ukiipanga bukari ukingoni mwa sahani ndogo, ukingo utakuwa mnene na shimo la katikati litakuwa dogo. Ipange bukari ileile kwenye sahani kubwa: ukingo mwembamba, shimo kubwa. Je, kuna mtu ameila? Hakuna. Sahani tu ni kubwa. Watu wengi wa kwetu wanazaliwa na sahani kubwa, akasema, na mashine haijui hilo vizuri. Tena tantine ni mtu wa miwani mizito. Jicho la namna hiyo ni refu, na nyuzi za mshipa zinapita kando kidogo ya njia ya kawaida. Mashine inazitafuta ilikozoea, haizikuti, inapaka nyekundu.

Kisha akatoa karatasi mbili za Papa Shemasi, ya mwanzo aliyopigwa Lubumbashi mwaka uliotangulia na ya karibuni ya mashine yetu, akaziweka pamoja. Hapo hata mimi niliona. Ukingo wa chini uliokuwepo kwenye ya kwanza ulikuwa umeliwa kwenye ya pili. “Ugonjwa unatembea,” akasema. “Alichozaliwa nacho mtu kinakaa mahali pake. Picha moja haikuambii kama kitu kinatembea. Ndiyo maana tunangoja.” Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa siku nyingi.

Miezi sita ikapita. Tantine akarudi, nikapiga picha, karatasi ikatoka nyekundu vilevile, juu na chini, kikombe kilekile. Daktari aliziweka zote mbili juu ya meza, akazipima, hakukuwa na tofauti hata ya unywele. “Haukukuwaka mugonjwa, mama,” akamwambia. “Hata siku moya.”

Nilimsindikiza tantine mpaka kwenye kituo cha taxi-bus. Alikuwa na furaha lakini alikuwa anafikiri, na nilimjua: akifikiri, miguu inapunguza mwendo. Akasimama.

“Docteur anasema sikukuwaka mugonjwa. Lakini weye ulisema niko mugonjwa, na weye hauwezi kunidanganya. Sasa ile ugonjwa ilienda wapi?”

Hapo njia zilikuwa mbili tu, na ya kwanza ilikuwa na maneno machache: nilikosea, tantine, nilijikweza. Watu walipita na baiskeli zao za makaa, gari likapiga honi, yeye ananitazama kwa miwani yake mipya. Nikachagua ya pili.

“Mungu ni munene, tantine,” nikasema, yaani ni mkuu, hakuna kinachomshinda.

Akapiga makofi mara moja, akashika mdomo, machozi yakamtoka palepale barabarani. Nilimbebesha Mungu kosa langu, naye alinipokelea mzigo bila kuuliza.

Jumapili iliyofuata alisimama kutoa ushuhuda. Kwetu ushuhuda si maneno ya mtu mmoja, kanisa linajibu na ngoma inajibu. Alieleza karatasi nyekundu, akaeleza siku saba za kufunga, akaitoa ile nakala ndani ya Biblia akaiinua juu, na watu wakapiga vigelegele. Ningeweza kusema kwamba nilishtukizwa. Si kweli. Nilijua tangu Ijumaa kwamba atasimama, nikapiga pasi shati langu. Mchungaji naye ni mtu wa kutaka uthibitisho, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

“Tuko na mutoto yetu hapa, njo anapigaka picha za macho. Dokta, simama! Ile karatasi ilikuwa nyekundu, ao haikukuwa?”

“Ilikuwa nyekundu.”

“Na leo docteur ya Lubumbashi anasema nini?”

“Anasema hakuna ugonjwa.”

Kila neno lilikuwa kweli. Ningeweza kuapa mahakamani. Sikusema tu kwamba katika faili kule Panda kulikuwa na karatasi ya pili, mpya, nyekundu kama ya kwanza. Kanisa lililipuka. Katika safu ya mbele Papa Shemasi alikuwa amesimama, mikono juu, uso ameugeuza upande kidogo ili lile tundu la jicho la kushoto linipate. Alikuwa anacheka. Nilimpungia mkono.

Baada ya hapo Papa Shemasi hakuja siku yake ya kupimwa. Wala iliyofuata. Jina lake lilikuwa kwenye orodha yangu, na mimi ndiye ninayepiga simu kwa wanaokosa. Nilijiambia amesafiri. Lakini Jumapili nilikuwa namwona! Nilimwona akigusa viti kimoja kimoja kabla ya kukaa, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Siku moja nilimwona tantine akimgeuzia kitabu cha nyimbo kilichokuwa kichwa chini, naye hakuwa amejua. Nilitaka kumfuata mlangoni nimuulize, papa, matone unatia? Lakini najua swali hilo lingezaa lingine, na lile lingine lingefika kwenye ushuhuda. Nikajitia hamnazo. Nilikuwa natoka kanisani kwa mlango wa pembeni.

Alikuja kliniki wakati wa kiangazi, ambao kwetu ndio wa baridi, asubuhi, tantine amemshika mkono. Tantine, aliyeambiwa na mimi kwamba atapofuka, ndiye aliyekuwa anamwonyesha njia. Alimkalisha kwenye kiti cha mashine, akarudi nyuma mpaka kwenye pazia.

“Moyo, fils,” mzee akasema. Ndivyo anavyosalimia, kwa Kiluba cha wazazi wake, na fils, yaani mwanangu, ni Kifaransa cha mgodini.

“Moyo wenu, papa. Weka kidevu hapa. Angalia taa kidogo ya kijani.”

Akaweka. Akangoja kwa utulivu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi afanye kazi yake.

“Washa basi,” akasema.

Ilikuwa inawaka. Niliinama nikachungulia, nikaona nukta ya kijani katikati ya mboni yake, inamwangaza barabara.

“Iko, papa. Mbele kabisa.”

“Hapana. Bado haujawasha.”

Nyuma yangu nilisikia tantine akivuta pumzi. Mzee mwenyewe ndiye aliyeelewa mwisho. Aliondoa kidevu polepole, akakaa wima, mikono juu ya magoti.

“Dawa niliacha ile siku ya ushuhuda,” akasema. “Nilisema, kama niko naomba na tena niko natia matone, Mungu ataona sina imani. Ataona niko na milango mbili.” Akaugeuza uso upande wangu. “Tantine yako aliomba siku saba. Minye niko naomba mwezi ya nane sasa. Fils, weye unajua macho. Unionyeshe fasi imani yangu inapunguka.”

Nimekaa na swali hili tangu siku ile na halijapoa. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anauliza kama mgonjwa anavyouliza, kwa heshima, akitegemea jibu. Alidhani upungufu uko kwake.

Nikamwambia. Sikupanga maneno, yalitoka vipande vipande, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto. Nilisema tantine hakuwa mgonjwa hata siku moja. Nilisema nyekundu ile ilikuwa umbo la jicho lake tangu tumboni kwa mama yake, na ipo mpaka leo, nikavuta faili nikatoa karatasi ya pili nikaiweka mikononi mwake, mpumbavu mimi, kana kwamba angeweza kuisoma. Tantine ndiye aliyekuja akaichukua. Akaisogeza karibu na miwani. Akafungua Biblia, akatoa ile yake iliyochakaa kwenye mikunjo, akazilinganisha. Hakuhitaji daktari.

“Ulikuwa unajua, ile siku ulisimama?” mzee akauliza.

“Nilikuwa najua, papa.”

Akatikisa kichwa mara kadhaa. Nilingoja matusi. Ningeyapokea kama maji. Lakini alirudisha kidevu mahali pake, akatafuta kiegemeo cha paji la uso kwa vidole, akatulia.

“Piga picha basi,” akasema. “Docteur aone.”

Nikapiga. Picha haikutoka safi, nikarudia. Macho yake hayakuwa na pa kukazia, yalielea, ikanibidi nirudie mara ya tatu. Karatasi ilitoka nyekundu pande zote. Daktari aliiona juma lililofuata, akaandika matone tena, kwa ajili ya mwanga wa dirishani ambao bado anautambua. Kilicholiwa hakirudi. Hilo nililiandika katika daftari kule Lubumbashi, nikapigia mstari pia.

Tantine hakunigombeza. Alinirudishia karatasi zote mbili, yangu na yake, kwa mikono miwili, kama anavyomrudishia mteja nguo ambayo hatashona.

“Minye nilikuficha mbele ya docteur,” akasema. “Nilizani niko naficha kosa kidogo.”

Tangu siku hiyo ananiita kwa jina langu. Dokta hajatamka tena. Nimekwenda kwa mchungaji mara mbili kumwomba nafasi nisimame niseme, na mara zote mbili ameniambia tuombee jambo hilo kwanza. Jumapili hii nitasimama bila kupewa nafasi. Nimesema hivyo Jumapili tatu zilizopita.

Lakini ninachotaka kukieleza ni namna walivyotoka kliniki asubuhi ile. Tantine alimwinua mzee kitini, akauchukua mkono wake wa kushoto, akauweka ukutani, viganja vyote viwili, chake juu ya cha mzee.

“Usinyanyue muguu sana, papa. Uiburute kidogo. Mukono isiachie ukuta. Na uhesabie, kila siku ile ile, usiseme nitakumbuka.”

“Ulijifunzaka wapi?” mzee akamuuliza.

Tantine alikuwa amekwisha kupiga hatua ya kwanza. Walianza kutembea kwenye korido, yeye akihesabu kwa sauti, moya, mbili, tatu, na mzee akimfuatisha, polepole, sauti zao mbili zikiwa pamoja mpaka kwenye ngazi. Nilisikia akimwambia kuko ngazi mbili, kisha kiwanja. Nilibaki nyuma ya pazia na kitaa cha kijani kikiwaka mbele ya kiti kitupu, na nilipoacha kuwasikia walikuwa wamefika hatua ya kumi na tisa.